Ganda la Waya Katika Banda la Delmar

Jumatatu, 2 Juni

Delmar alinipigia simu kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Taa za banda lake la nguruwe zinafifia kila feni kubwa zinapowaka. "Shangazi, njoo uangalie tu. Sikuombi uguse kitu." Delmar ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka hamsini na mitatu, na tangu alipojifunza kusema hajawahi kuniomba kitu bila kwanza kuniambia ni kidogo.

Nilivuta waya kwa miaka kumi na tisa na kufundisha kazi hiyo chuoni kwa ishirini na miwili. Nimeingia katika visima, madari na machinjio. Hakuna mahali panaponikinaisha kama banda la nguruwe mwezi wa sita. Harufu yake huanza mdomoni, kabla ya puani, kama umelamba sarafu iliyookotwa chooni.

Tulifungua sanduku la umeme katika kile kichumba cha mbele, ambacho ndicho mlango pekee wa watu kuingia bandani. Bomba linalotoka ardhini kuleta umeme kutoka kwenye nguzo lilikuwa limejaa maji hadi mdomoni, maji ya rangi ya mchuzi uliolala, yenye utando juu. Nyaya za alumini zilikuwa zimelowa humo miaka ishirini na kitu. Nailoni ya juu ya ganda ilikuwa imebanduka vipandevipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Pale ganda lilipopasuka, alumini yenyewe imeliwa na kubaki unga mweupe mtepetevu. Niliugusa kwa kalamu. Ukashikamana.

Renae, mke wa Delmar, alikuwa amesimama mlangoni akila krispi kwa mkono uleule aliokuwa akichomea nguruwe sindano. "Kwa hiyo ni mbaya?" akauliza, akitazama simu.

"Ni mbaya," nikasema.

"Mh." Akalamba chumvi vidoleni.

Jumanne, 3 Juni

Nimefua nguo mara mbili. Harufu bado ipo.

Alhamisi, 5 Juni

Nilimwandikia Delmar karatasi ya maelezo. Naiweka na humu, kwa sababu najua ile aliyoichukua ataifutia mikono.

Nguruwe elfu moja na mia moja hawana dirisha. Wanaishi kwa feni. Feni zikisimama siku ya joto, wataanza kufa kabla ya saa moja kuisha. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye nguzo ndio pumzi yao, na ganda la waya si pambo. Watu wengi hununua waya kwa unene wa alumini na hawasomi herufi zilizochapwa kwenye ganda, ilhali herufi ndizo zinazosema waya huo umeruhusiwa kukaa wapi.

Kuna ganda la plastiki ya kawaida lenye nailoni nyembamba juu, THWN-2. Ni jembamba na linateleza vizuri bombani, na limeruhusiwa kwenye maji. Lakini likikwaruzwa wakati wa kuvutwa nailoni huanza kubanduka, na plastiki ya namna hiyo hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi, na majira yetu ya Iowa yana vyote viwili. Kuna XHHW-2, ambayo plastiki yake imepikwa hadi chembe zake zikashikana, haiyeyuki tena. Haina nailoni, inakwama kidogo bombani, inataka sabuni nyingi na subira, lakini maji hayaisumbui na baridi haiipasui. Halafu kuna USE-2, ya kufukiwa ardhini. Ni ngumu, haiogopi maji wala mawe. Kama ina herufi hizo peke yake, hairuhusiwi kuingia ndani ya jengo, kwa sababu haikuwekewa kitu cha kuzuia moto. Ikishika, inaendelea kuwaka.

Na tusidanganyane kuhusu bomba. Bomba lililofukiwa lina maji siku zote. Litatoa jasho hata ukiliziba vipi. Anayechagua waya wake akidhani bomba litakaa kavu anajichagulia ule unga mweupe.

Nilimshauri XHHW-2 kutoka nguzo hadi sandukuni, waya mmoja, herufi moja, basi.

Jumamosi, 14 Juni

Delmar alikwenda kwenye mnada wa shamba la marehemu Wilbert Harms kutafuta jembe la trekta. Akarudi na roli zima la waya wa alumini. Alinipigia honi nje kama bwana harusi.

"Shangazi! Unene uleule uliouandika. Na mpya, hata kifungio hakijakatwa!"

Nikavaa miwani, nikazunguka trela. Siku hizi naona kila kitu kupitia ukungu wa mtoto wa jicho, ila herufi za rangi nyeupe bado nilizimudu. USE-2. Hakuna kingine.

"Huu ni wa ardhini, Delmar."

"Na bomba liko wapi? Mbinguni?"

"Bomba linaishia ndani ya kichumba."

"Futi kumi na tano tu za ndani! Waya ni waya, Shangazi. Ninyi walimu mnaweza kumkataza mtu kula kwa sababu kijiko kimeandikwa cha chai."

Jirani zake wawili waliokuja naye wakacheka sana. Hapa kwetu mtu akipata kitu mnadani, kukikataa ni kama kumtukana marehemu mwenyewe. Mmoja alikuwa na tumbaku mdomoni, akatema karibu na mguu wangu, si kwa makusudi. Nilitazama lile tone likinywewa na vumbi.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepata suluhu na nimeridhika nayo. Waya wa mnada utumike ardhini, ndiyo kazi yake. Uishie nje, kwenye sanduku la swichi litakalofungwa kwenye ukuta wa nje. Kutoka hapo kuingia ndani, zile futi kumi na tano, XHHW-2. Delmar alinung'unika kisha akakubali.

Atakayefanya kazi ni Lowell Meints, aliyekuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Gari lake ni safi, skrubu zimepangwa kwa ukubwa. Alikaa mezani kwangu, akachora mchoro bila kuulizwa, akasema, "Mwalimu, wewe nenda katibiwe macho yako. Hili niachie mimi." Kijana mstaarabu. Si kijana tena, ana miaka arobaini na tano, lakini kwangu atabaki wa mstari wa mbele.

Nilimlinganisha na Delmar na mkewe kule shambani na nikaona aibu kwa damu yangu.

Jumanne, 1 Julai

Jicho la kulia.

Jumanne, 8 Julai

Jicho la kushoto. Delmar amepiga simu: kazi imekwisha, taa hazififii tena. Mungu ambariki Lowell.

Alhamisi, 17 Julai

Hasira haijaniacha hata sasa, lakini nitaandika kwa utaratibu.

Daktari ameniruhusu kuendesha gari. Nilikwenda kwa Delmar na macho yangu mapya kama mtu anayekwenda kuonyesha viatu. Sanduku la nje lipo ukutani, limenyooka, limepakwa lakiri vizuri pembeni. Nikaingia kichumbani. Macho mapya yana hasara yake: nimeona kuta. Nilidhani ni kuta za kahawia. Ni kuta nyeupe zilizopakwa uchafu.

Nikafungua kifuniko cha sanduku la ndani ili nifurahi kidogo. Nikasoma herufi kwenye waya. Nikasoma tena. USE-2.

Nikatoka nje nikafungua lile sanduku jipya. Halina swichi. Ni ganda tupu. Waya wa mnada unaingia chini, unapita katikati bila kukatwa, unatokea upande wa pili na kuingia ndani ya banda. Lowell amefunga sanduku ili mwanamke mzee mwenye ukungu machoni alione kwa mbali na kutulia.

Nimeona waya uliotafunwa na panya, nimeona panya mwenyewe akiwa ameungulia juu yake. Havikunitia kichefuchefu kama lile sanduku safi.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimkuta Lowell kwenye duka la vifaa akipakia mabomba.

"Mwalimu! Macho vipi?"

"Yanasoma."

Akaelewa papo hapo. Akaendelea kupakia, ila polepole. "Delmar alisema hataki gharama ya swichi na roli jingine. Nifanyeje? Ni shamba lake. Shamba halikaguliwi."

"Na sanduku tupu?"

"Hilo alisema niweke ili wewe usi..." Akasita. "Ili usiumie roho."

"Lowell, nilikufundisha nini kuhusu waya wa ardhini ndani ya jengo?"

"Ulinifundisha kwa ajili ya mtihani, Mwalimu. Nilipata tisini na nane." Kisha, kwa upole ambao ndio ulionichefua zaidi: "Huko nje si darasani. Nimefunga nyaya kama hizo kwenye mabanda sita na hakuna lililowaka."

Sita! Nikamwambia asinipe mkono. Alikuwa amekwisha kuunyosha.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada, kahawa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Nilimvuta Delmar pembeni, karibu na bakuli la saladi ya viazi ambayo nzi wawili walikuwa wameikalia bila kufukuzwa na yeyote.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Sikukwambia tu." Alikuwa akitafuna. "Shangazi, nguruwe wanaondoka tarehe kumi Septemba. Banda likiwa tupu, tutazima umeme siku nzima ukitaka, nawe uweke waya wa dhahabu. Sasa hivi siwezi kuzima feni. Wewe mwenyewe uliniandikia karatasi."

Hoja yake ina akili, na hilo ndilo linaloniudhi. Lakini majuma saba ni marefu. Katika kichumba hicho Renae huingia kila asubuhi na kila jioni, huosha sindano, huandika idadi ya waliokufa. Sanduku liko kati ya kiti chake na mlango.

Nilimwambia hayo. Akasema, "Renae ana miguu."

Jumatano, 23 Julai

Digrii tisini na moja za Farenhaiti.

Alhamisi, 24 Julai

Tisini na tatu. Mahindi yamesimama kimya, hakuna upepo.

Jumatatu, 28 Julai

Tisini na sita. Feni zote zinavuta kwa pamoja tangu asubuhi. Nilipita barabarani nikafungua kioo cha gari kusikiliza. Nilisikia feni, na harufu ikaingia ikakaa nami hadi nyumbani kama abiria.

Jumanne, 29 Julai

Nilifanya somo langu la mwisho. Nilichukua kipande cha USE-2 kilichobaki kwenye roli na kipande cha XHHW-2 kutoka dukani, nikavifunga wima kwenye uzio wa Delmar, nikavichoma kwa tochi ya gesi, kila kimoja dakika moja, Delmar na Renae wakitazama.

XHHW-2 ilishika, nikaondoa tochi, ikajikunja, ikazima. Ile nyingine niliondoa tochi na moto ukapanda juu wenyewe bila haraka, ukidondosha matone yanayowaka. Majani ya chini yakashika. Moshi wake ni mweusi na mzito, unapaka koo kama lami. Delmar alikohoa hadi akatema.

"Haya," akasema akifuta mdomo. "Inawaka ukiichoma kwa tochi. Hata mimi nitawaka ukinichoma kwa tochi."

Renae hakucheka. Alikanyaga majani yaliyokuwa yakiungua, kwa kiatu kimoja, mpaka yakazimika yote. Kisha akaondoka. Nikamwona kama mtu asiyejali chochote.

Jumamosi, 2 Agosti

Renae amekuja nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya kaka. Alivua viatu barazani. Nilimtengea chai, sukari ya mawe na krimu, akanywa bila kukoroga, kama desturi yetu inavyotaka.

"Shangazi, ule moshi. Mtu ana muda gani?"

Sikumficha. Nilimwambia: kichumba kidogo, mlango mmoja, moto upande wa mlango, hakuna muda wa kuuliza swali hilo.

"Nimeweka kiti upande ule mwingine," akasema. "Lakini sinki haihami." Akageuza kikombe. "Delmar si mtu mbaya. Anaona kitu alichokipata mnadani kama zawadi. Ukikichukua, umemwibia."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka ubadilishe. Si Septemba. Mimi nitavuta waya. Nina mikono, usinitazame hivyo. Najua unanionaje, nakuona ukitazama ninavyokula."

Niliona haya. Mwanamke huyu hula kichumbani kwa sababu tangu saa kumi na mbili hadi saa saba hapati mahali pengine pa kula.

Jumatano, 6 Agosti

Redio inasema Jumamosi asubuhi digrii sitini na nne. Tutafanya Jumamosi. Delmar amekubali kufunga jenereta kwenye trekta iendeshe feni tutakapozima umeme. Amekubali kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Delmar alifunga jenereta nyuma ya trekta, shafti ikazunguka, feni zikashika. Nikazima umeme kule nguzoni. Nilifunga swichi halisi ndani ya lile sanduku la nje, nikakata waya wa mnada hapo, nikaufungia hapo.

Kisha tukavuta kile kipande cha ndani ili kutoa nafasi. Kilitoka na ute. Bomba halikuwa na umri wa miezi miwili na tayari lilikuwa na maji, na maji yamekwisha kupata harufu. Ute ulimwagika kwenye mikono ya Renae hadi viwiko. Akageuza uso, akatapika kidogo kando ya ukuta, akafuta kwa bega, akasema, "Endelea."

XHHW-2 ilikwama kwenye kona. Nilijua itakwama, nililiandika Juni, lakini kona ya Lowell ilikuwa kali kuliko mchoro wake. Tukaongeza sabuni. Yeye anavuta ndani, mimi nasukuma nje, tunaitana kupitia ukuta.

"Vuta!"

"Navuta!"

"Usiruke, vuta taratibu!"

"Shangazi, nikivuta taratibu zaidi nitakuwa nimelala!"

Saa nzima ikapita hivyo. Jua likapanda, redio ilikuwa imekosea, saa mbili na nusu ilikuwa digrii themanini na mbili. Tulikuwa tumemaliza waya wa pili kati ya nne niliposikia mlio kama wa risasi. Pini ya shafti ya trekta ilikatika. Jenereta ikaguna, ikanyamaza. Feni zikapungua mwendo moja moja.

Sijawahi kusikia banda lile likiwa kimya. Kisha halikuwa kimya tena. Nguruwe elfu moja na mia moja wenye kilo mia na ishirini kila mmoja walianza kupiga kelele kwa pamoja, na harufu ikatoka mlangoni kama kitu chenye mabega.

Delmar alikimbilia karakana kutafuta pini nyingine. Renae akafungua milango mikubwa ya nyuma, akashika mpira wa maji, akaanza kuwamwagia. Mimi niliendelea kuvuta peke yangu. Nilifanya hesabu: bado nyaya mbili, zitachukua muda mrefu kuliko pini. Nikaendelea hata hivyo kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya.

Delmar alichukua dakika ishirini na sita. Karakana yake haina mpangilio, pini ilikuwa ndani ya kopo la rangi. Feni ziliporudi, nilikuwa nimefunga waya wa tatu.

Tulimaliza saa nne na robo. Nikawasha umeme wa nguzoni. Kila kitu kikafanya kazi.

Nguruwe kumi na mmoja walikufa. Wote walikuwa kwenye kona ya kaskazini, ambako mpira wa maji haukufika. Tuliwaburuta sisi watatu kwa kamba. Wana joto hata wakiwa wamekufa, na ngozi yao ilikuwa na mabaka ya zambarau. Mmoja alipasuka puani tukimgeuza. Delmar alifungua kamba ya wa mwisho.

"Wangekuwa hai," akasema. "Ungesubiri Septemba, wangekuwa hai wote."

Ni kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Najua wanasema nini kwenye kahawa. Lowell naye atakuwa hapo, na shati safi.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nilitandaza ule waya tuliouvuta juu ya meza ya karakana yangu, zile futi kumi na tano. Niliuosha. Niliupasua ganda kwa kisu, inchi kwa inchi. Nilikuwa natafuta alama ya joto, ganda lililolainika, kahawia kidogo karibu na skrubu, chochote cha kumwonyesha Delmar.

Hakuna. Ulikuwa mzima kabisa, unang'aa kama ulivyotoka kiwandani. Huenda ungekaa pale miaka thelathini bila kuwaka.

Renae alikuja wakati nakaribia mwisho. Alisimama akinitazama nikikata.

"Umeona kitu?"

"Hapana."

"Ulitaka kuona?"

Nimefundisha miaka ishirini na miwili na sikuwahi kuulizwa swali lililonyooka hivyo. Ndiyo, nilitaka. Nilitaka waya uwe umeungua. Na ili uungue, ni yeye ambaye angekuwa kwenye sinki, nyuma ya ule moshi. Nilijiona nimeinama juu ya meza, kisu mkononi, nikitamani ushahidi wa kifo cha mtu aliyesimama mbele yangu. Machukizo yote niliyoyaandika humu tangu Juni, hakuna lililofika hapo.

"Nilitaka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti. "Hata Delmar anataka," akasema. "Amepekua yale masalio ya roli usiku kucha akitafuta kosa. Angeliona, angekuwa na wa kumlaumu kwa wale nguruwe."

Kisha akatoa krispi mfukoni, akafungua, akaninyooshea mfuko. Mikono yetu ilikuwa na harufu ileile. Nikala.